Kuvuta, Kuvutwa

Ghorofa ya chini, Al-Khudh, mwezi wa saba.
Kiyoyozi tumekizima: pumzi yake inausumbua uzi,
uzi mwembamba kuliko unywele wa kichanga,
na mizani imening'inia kwao, haigusi kitu.

Kando yake tangi la kimiminika kizito, kisicho rangi,
na ndani yake mche wa plastiki nyeupe
alioukereza Kuriakose, fundi wetu wa Kerala,
akiupuliza vumbi kama anayepoza chai ya mgeni.

Nangojea digrii thelathini na nne nukta sita.
Pakipoa, mche unapanda. Pakizidi joto, unazama.
Papo hapo, katikati, hauendi popote:
dunia inauvuta kama inavyokivuta
kimiminika kinachouzunguka.
Kwa kuvutwa, wamelingana.

Lakini kuvutwa ni nusu ya kesi.
Na kuvuta, je?
Tunausogeza mche kushoto, tunaurudisha kulia,
kila dakika ishirini, usiku kucha.
Mizani ikishtuka, hata kwa upana wa wazo,
basi kuna kitu duniani kinachovuta
zaidi ya kinavyovutwa,
na Mundhir kaahidi halua kwa idara nzima.

(Upo na uzito wa tatu, wa ukaidi.
Huo utaujua ukisukuma gari lililozimika
Ruwi, saa saba mchana.)

Ripoti tunaandika kwa lugha za ofisini.
Kichwani mwangu nahesabu kwa lugha ya jikoni kwetu:
kuvuta. Kuvutwa. Kugoma kusukumwa.

Wiki ya tatu, mizani ilishtuka.
Ijumaa, saa sita na robo.
Mundhir alisimama; nikamwonyesha kidole: usipumue.
Ijumaa ya pili, tena. Saa ile ile.
Nikapanda ngazi, nikafungua mlango wa nyuma,
jua likanizaba kofi,
na nilipopata macho nikaona:
Landkruza, Patroli, Korola, pikapu yenye mbuzi wawili,
msikiti wa jirani umefurika
na magari yamebanana ukutani kwetu.
Tulikuwa tumewapima waumini.

Mama alicheka mpaka akavua miwani.
"Basi andikeni," alisema, "kwamba jamaa walihudhuria."

Bi Ghaniya alishuka Matrah mwaka wa sabini na nne
na watoto wawili na cherehani isiyo na mguu.
Nchi ya babu zake ilimvuta, hilo halina ubishi.
Kiarabu chake kilichekwa dukani.
Miaka mingi alikuwa akitafuta joto lake,
leo anapanda, kesho anazama.
Sikuwahi kumwuliza kama naye aliivuta.

Ila jirani yake, mwanamke wa Samail,
ambaye Zanzibar ameiona kwenye televisheni tu,
juzi nilimsikia akimwambia "pole"
paka aliyejigonga mlangoni.

Sina chombo cha kupimia hilo.
Kiswahili kinaongeza herufi mbili tu mwishoni,
kuvutana,
na hakiulizi nani alianza.

Mwezi wa kumi na nne tulifunga hesabu.
"Mmeona nini?" mama akauliza, akimenya vitunguu.
"Hatukuona kitu."
"Mwaka na zaidi?"
"Hatukuona kitu, mama, kwa uhakika wa moja katika laki."
Akanitazama kama anayerudishiwa chenji pungufu.
Kisha akasema, "Wengine hawaoni kitu bila hata kutazama,"
akaendelea na kisu chake.

Kuriakose anakwenda likizo.
Ameuomba mche, autie sebuleni kwao, juu ya kabati.
Nimeutoa tangini, nimeukausha kwa kitambaa,
na mkono ukashuka ghafla, nusura niuangushe.
Miezi yote ile nilikuwa nimeuona ukielea.
Nilikuwa nimesahau kwamba una uzito.